Ishirini na Moja Nukta Sita

Naanza na maji, maana nasikia ninyi mliobaki maabara mmeshaanza kuyapuuza. Maji ya kisima cha shule yana chumvi mpaka birika la chai linaota gamba, na ukiyatumia kutengenezea dawa za mtihani umeharibu kazi kabla hujaianza. Chemsheni, kusanyeni mvuke wake, wekeni kwenye madumu yenye mfuniko. Nimefanya hivyo miaka thelathini na mitatu katika shule ile ya Kiingereza, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniuliza maji safi yanatoka wapi. Walidhani yanatoka bombani.

Siku yangu ya kwanza nilipewa koti jeupe lililonifika kwenye vifundo vya miguu. Lilikuwa la mwalimu mmoja mrefu aliyerudi kwao akalisahau. Nilitokea mtaa wa Kambarage na baiskeli, nina cheti cha ufundi sanifu wa maabara, najiona msomi. Shule ilijengwa nje ya mji wa Shinyanga kwa ajili ya watoto wa wahandisi na wajiolojia wa migodini, kuanzia huku kwetu mpaka Geita, pamoja na watoto wa wakubwa wetu wachache waliotaka wana wao waongee kama watangazaji wa redio ya ng'ambo. Watoto walivaa sweta za sufu. Shinyanga hii, mwezi wa kumi, mbuzi wanagombea kivuli, na mtoto kavalishwa sweta ya sufu kwa sababu kule Uingereza sare ni sweta. Mabweni yaliitwa kwa majina ya mito ya huko ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuiona. Saa kumi jioni ilikuwa chai, hata nyasi zikiwa zinaungua. Sisi wenyeji tulikunywa yetu nyuma ya jiko, na wakati ule sikuona ubaya wowote. Ilinichukua miaka kuuona.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Tabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa ametumikia maabara za serikali kabla ya kuja pale. Cheti changu alikitazama mara moja akanirudishia. Akanipeleka mbele ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini na alama za vipimo ubavuni, akaniambia nisome. Nikasoma nimesimama. Akanichapa kofi la mgongoni.

"Piga goti," akasema. "Jicho lako na maji viwe sawa. Ukisoma kwa juu umejidanganya, ukisoma kwa chini umejidanganya."

Miezi ile ya mwanzo nilipiga magoti mbele ya mrija mara nyingi kuliko kanisani. Alinifundisha pia kuandika namba papo hapo, kwa kalamu ya wino, kwenye daftari lenye jalada gumu, na nikikosea nikate kwa mstari mmoja ili ile ya kwanza iendelee kusomeka. Kufuta alikuita wizi. Alistaafu kabla ya mambo ninayotaka kuwaambia, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana nisingeweza kumtazama usoni.

Walimu Waingereza walikuja kwa mikataba ya miaka miwili miwili, na kila mpya alianza kwa kupanga upya kabati langu la dawa. Mmoja alipanga kwa alfabeti. Mmoja alipanga kwa rangi za vifuniko. Mmoja akaweka tindikali rafu ya juu kabisa, ili mtoto mfupi akiivuta imwagikie usoni, nikaishusha alipokwenda chai. Niseme ukweli, wengine walikuwa watu wema na kazi waliijua. Lakini mwema au mbaya, aliondoka, na mimi nikabaki na kabati. Mkipata mwalimu mpya mwacheni apange anavyotaka. Baada ya wiki mbili atakuwa amesahau, mtarudisha vitu mahali pake.

Sasa mtihani wa vitendo wa kemia. Huu ninyi mnaujua, lakini naandika na kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kuingia maabara. Maswali yanatungwa Uingereza na kusahihishwa Uingereza. Wiki chache kabla ya siku yenyewe unaletwa waraka wa siri kwa fundi wa maabara: chupa A itengenezwe hivi, chupa B hivi. Siku ya mtihani mtoto anadondosha tindikali kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, kwenye kostiki yenye rangi, ile ile kostiki akina mama wanayotengenezea sabuni ila safi zaidi. Rangi ikigeuka anafunga koki na kusoma imetumika kiasi gani. Wale wenzetu si wajinga. Wanajua dawa inasafiri, inapigwa na joto, inaharibika, na ya Shinyanga haiwezi kuwa sawa na ya kwao. Kwa hiyo wakaweka utaratibu. Siku hiyo hiyo msimamizi, yaani mwalimu wa kemia, naye anafanya jaribio lile lile kwa chupa zile zile, mahali ambapo watoto hawamwoni. Anaandika namba aliyoipata, anatia sahihi, inafungwa pamoja na karatasi za watoto. Msahihishaji hampimi mtoto kwa namba ya kitabuni. Anampima kwa namba ya msimamizi.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa na binti mmoja anaitwa Kabula, wa Songwa. Baba yake alilima pamba na kufuga ng'ombe wachache. Kulikuwa na mfadhili aliyemsomesha mtoto mmoja wa kijijini kila baada ya miaka kadhaa, na zamu ile ikamwangukia Kabula, kutoka shule ya msingi ambayo nusu ya darasa lilikaa chini. Alikuja hana Kiingereza cha kuombea maji ya kunywa. Mwaka wa pili alikuwa anawasahihisha watoto wa wahandisi. Jioni alikuja kunisaidia kuosha vioo, na nilichomlipa ni kumwachia bureti acheze nayo. Nilimpigisha goti kama nilivyopigishwa mimi. Na mkono wake, jamani! Aliweza kugusa koki akaachia nusu tone. Mimi nusu tone ilinichukua miaka minne kuipata. Mwanangu Masanja alikuwa madarasa mawili nyuma yake, na Kabula alimfundisha hesabu pale pale kwenye sinki, mikono yake ikiwa na povu. Masanja alisoma kwa nafasi ya mtoto wa mfanyakazi, nafasi ambayo ofisi iliitia sahihi upya kila Januari, ikipenda.

Mtihani wao mkubwa ulipokaribia, Kabula alijua anachotakiwa kupata. Ufadhili wa miaka miwili ya mwisho, na chuo kikuu baada yake, ulitaka alama ya juu kabisa kwenye hesabu, biolojia na kemia. Alama inayofuata haikutosha. Hilo alilijua yeye, alilijua baba yake, na Songwa nzima ililijua, maana mzee yule hakuwa mtu wa kuficha furaha yake.

Kosa la kwanza ni langu, na nalitaja mapema msije mkasema mzee anasema wenzake tu. Kopo la kostiki lilikuwa la zamani. Kostiki hunyonya unyevu wa hewani, na punje zake zilikuwa zimeshaanza kushikana. Niliomba kopo jipya mara mbili. Nikaambiwa linakuja, na halikuja. Nikapima kwenye mizani kama waraka ulivyosema huku nikijua kwamba sehemu ya uzito ule ni maji matupu. Sikuogopa sana, kwa sababu ya ule utaratibu. Dawa ikiwa dhaifu, namba ya msimamizi itakuwa ndogo, na za watoto zitakuwa ndogo vile vile, na hakuna atakayeumia.

Mkuu wa idara ya sayansi, aliyefundisha pia kemia, alikuwa Bwana Pelham, mtu wa vicheko vingi na kaptura zilizopigwa pasi. Siku ya mtihani alikuwa ameshika jambo lingine, anaandaa nyama choma ya kuwaaga walimu waliomaliza mkataba. Akanikuta chumba cha nyuma, akaniambia nimfanyie mimi lile jaribio, yeye atakuja kutia sahihi. Nikalifanya mara tatu, nimepiga goti. Ishirini na moja nukta sita. Ishirini na moja nukta sita. Ishirini na moja nukta tano. Nikaandika.

Alirudi watoto wameshatoka, ananukia moshi wa mkaa. Akatazama daftari akacheka. Akasema jibu la kitabuni ni ishirini na tano kamili, na kwamba mkono wa mzee umeanza kutetemeka. Nilikuwa sijafika hata hamsini. Nikamweleza habari ya kopo. Nikamwambia na watoto wamepata hivyo hivyo, kwamba nilipokuwa nakusanya vioo niliiona karatasi ya Kabula, ishirini na moja nukta sita, imeandikwa wazi. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini hawezi kucheza na kisu. Tukipeleka namba ile, akasema, kule watadhani hatujui kuandaa dawa, na shule itaonekana ya hovyo. Akaandika ishirini na tano kamili. Akatia sahihi. Akalamba bahasha akaifunga.

Nilisimama pale na koti langu jeupe. Nilijifariji kwamba msahihishaji ataona darasa zima limepungukiwa upande mmoja, naye atashtuka. Lakini darasa lilikuwa na watoto saba tu, na watatu kati yao walikuwa wameandika namba za kubuni kama kawaida yao, kwa hiyo kwenye karatasi palionekana fujo tu.

Majibu yalikuja mwezi wa nane. Hesabu, alama ya juu kabisa. Biolojia, ya juu kabisa. Kemia, ya pili. Wenzake nao walishuka, ila wazazi wao walikuwa wameshawatafutia shule Johannesburg na kwingineko, na hakuna aliyejisumbua kuuliza. Zilikuwapo wiki chache ambazo shule ingeweza kuandika barua ya mistari mitatu: msimamizi alikosea, namba iliyopatikana ni hii, tunaomba mpime upya. Basi. Barua ya mistari mitatu. Nikachukua daftari langu nikaenda nalo ofisini kwa Bwana Pelham. Hakulifungua. Alilitazama jalada, kisha akaniuliza, "Masanja anaendeleaje na masomo?"

Nikasema anaendelea vizuri. Akasema amefurahi kusikia hivyo, akarudi kwenye kompyuta yake. Nami nikarudi maabara, nikaliweka daftari kwenye droo, nikaanza kuosha vioo vilivyokuwa tayari safi.

Wiki hiyo hiyo baba yake Kabula akaja. Alikuwa amevaa koti la suti kwenye jua lile, na viatu alivyoazima, nilivijua kwa jinsi alivyotembea. Mkuu wa shule alikuwa mama wa Kiingereza, na lazima nimtendee haki: habari ya bahasha hakuijua. Kiswahili chake kiliishia kwenye asante, na mzee yule alikuwa anajieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma. Wakaniita mimi nitafsiri. Bwana Pelham alikaa kiti cha pembeni. Kabula alisimama nyuma ya baba yake.

Mkuu akasema, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli, kwamba mtoto alikosea kwenye mtihani wa vitendo, pengine kwa woga, na kwamba mfadhili amefunga shauri. Nikaligeuza lote kwa Kisukuma. Kila neno lilipita kinywani mwangu, kwa lugha aliyonilelea mama yangu. Nikasema mtoto alikosea. Nikasema pengine ni woga.

Mzee yule akaacha kumtazama Mkuu. Akanigeukia mimi, akauliza kama siku ile nilikuwepo. Nikasema nilikuwepo.

"Basi niambie wewe, ndugu yangu. Mwanangu alikosea?"

Bwana Pelham alikuwa anatazama kiatu chake. Kisukuma hakukijua, lakini swali alilielewa.

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema wabeja, ndiyo asante yetu, akanipa mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto, kama tunavyompa mtu tunayemheshimu. Niliupokea. Kabula hakulia. Alikuwa anatazama viganja vyake, anavigeuza huku na huku. Walikwenda kwa miguu mpaka getini na sikuwasindikiza.

Bwana Pelham mkataba wake ulipokwisha tulimwandalia nyama choma. Masanja alimaliza, akaenda chuo kikuu, leo ana kazi nzuri na mke mzuri, nami sijawahi kumweleza nafasi yake ililindwa kwa namna gani. Watu husema yaliyopita si ndwele. Asemaye hivyo mchunguzeni, mara nyingi ni yule ambaye hayakumgusa. Mimi niliendelea kuchemsha maji. Kila mwaka waraka wa siri ulipokuja nilimsimamia mwalimu mpaka apige goti mwenyewe na asome mwenyewe, na nilikataa katakata kufanya jaribio kwa niaba ya mtu. Wakaniona mzee msumbufu. Mmoja aliandika neno hilo kwenye taarifa yangu ya mwaka, na ndiyo sifa pekee ya pale ninayoikubali. Lakini ninyi msinisifu kwa hilo. Ni rahisi sana kuwa mkali mtoto wako akiwa ameshavuka.

Kabula nilijua alipo. Kahama kuna muuza kemikali ambaye shule ilikuwa inanunua kwake, naye siku moja katika maongezi ya simu akamtaja binti wa Songwa anayekuja kwake kununua dawa za kupimia, binti mwenye maswali ya kitaalamu kuliko wateja wote. Nikamuuliza jina. Nikakata simu nikakaa kitako kwenye sakafu ya stoo. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita.

Desemba wakaniaga. Keki, saa ya ukutani, na hotuba iliyotaja uaminifu wangu mara nne. Nilihesabu. Ninyi mlipiga makofi na nawashukuru, mlikuwa hamjui.

Mwezi wa tatu nikapanda basi mpaka Kahama, nikalala kwa dada yangu, asubuhi nikachukua bodaboda kuelekea upande wa Geita, mpaka mahali wanapochenjua marudio. Marudio ni mchanga wa wachimbaji wadogo, ulioshasagwa na kuoshwa, ambao bado umebakiwa na dhahabu. Unalowekwa kwenye matanki kwa maji ya sayanaidi, na lazima pawepo mtu wa kupima nguvu ya maji hayo kila baada ya saa chache. Yakipungua nguvu dhahabu haitoki, yakizidi ni hatari kwa watu. Mtu huyo ni Kabula. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati, glavu mkononi, amepiga goti mbele ya bureti.

Hakunyanyuka mpaka rangi ilipogeuka na namba akaiandika. Ndipo akanitazama.

"Shikamoo, Baba Masanja."

"Marahaba, mwanangu."

Akanivutia ndoo iliyofunikwa nikae. Akamuulizia Masanja, nikasema hajambo. Kisha akaanza kupima upya sampuli ile ile, na baadaye tena. Akaniambia wachimbaji wanamwita Mara Tatu, kwa sababu hawezi kutoa jibu bila kurudia mara tatu, na bosi hulalamika kwamba anamaliza dawa. Akasema tangu mtihani ule hauamini mkono wake. Alisema hivyo kwa kawaida tu, kama mtu anayetaja kwamba goti lake linamsumbua mvua zikikaribia. Namba tatu kwenye daftari lake zilikuwa sawasawa.

Nikamweleza yote. Kopo, bahasha, ishirini na tano kamili, ofisi ya Bwana Pelham. Hakunikatiza. Nilipofika siku aliyokuja na baba yake aliinua mkono, maana hapo naye alikuwepo. Akaniuliza mimi nilipata ngapi. Nikamwambia. Akavua glavu, kwanza moja, halafu nyingine.

"Baba alikuwa ananiuliza kila mwaka tukimaliza kuvuna," akasema. "Si kwa ukali. Anasema, mwanangu, hivi siku ile ulikosea wapi? Namwambia baba, sijui. Akawa anadhani namficha. Mpaka hospitali aliniuliza."

Nikasimama. Nikasema nakwenda Songwa leo hii, nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Tulimzika Novemba."

Nje krasha ya wachimbaji ilikuwa inasaga mawe, na kibanda kizima kilikuwa kinatetemeka. Kabula akaniuliza nilijua lini kwamba yuko pale. Nikasema miaka mitatu. Akauliza kama wakati huo Masanja alikuwa ameshamaliza shule. Nikasema alikuwa ameshamaliza zamani.

"Sasa ulikuwa unasubiri nini, Baba Masanja?"

Njiani nilikuwa nimejiandalia majibu mengi, na yote yalikuwa mazuri. Nikamwambia nilikuwa nasubiri nistaafu.